Sauti ya Muda

Sauti ilipotoka kwenye baffle, vile vipaza sauti vya paroisse, Bertin alijua amekwisha.

Kwenye kitambaa cheupe mbele ya ukumbi, msichana wa kuchorwa alikuwa anakimbia na bassine ya nguo kichwani, amemshika mdogo wake mkono. Watu wa mji wa Baraka walikuwa wanatazama. Sauti ya mwanamke anayelia ikasema:

“Mama anaamini batu ba bunduki ndo balininyanganya Doro. Ni bongo, si kweli. Mi ndo nilimuachia. Bassine ilitaka kuanguka, nikaachia mukono yake juu ya kushika bikwembe ya mama. Kugeuka, Doro hayuko tena.”

Vichwa vikageuka. Hakuna aliyekuwa na haja ya filamu tena. Wote walikuwa wanamtazama Solange, mchumba wa Bertin, aliyekaa mstari wa pili na mama yake, Mama Émilienne. Solange ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya pale pale kanisani, paroisse. Sauti yake nani asiyeijua?

Mama Émilienne hakupiga kelele. Aliinamisha macho, akakitazama kikwembe alichovaa, cha kijani chenye picha za ndege.

— Solange, bikwembe gani? Ni hii?

Solange akaitikia kwa kichwa. Mama akasimama, akapita katikati ya watu, akatoka. Solange akamfuata, lakini kabla ya kufika mlangoni akageuka kumtazama Bertin. Afadhali angemtukana.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu huyu Bertin. Mtoto wa Baraka, amesoma, ana kazi nzuri Nairobi katika agence ya filamu ya mtu wa Bukavu anayeitwa Albert. Kadi yake imeandikwa “Senior Motion Designer”, yaani yeye ndiye mkubwa wa wale wanaofanya michoro itembee. Nyumbani wanamwita fundi wa picha. Alikuwa amerudi kuoa, na Jumamosi ile, Siku ya Posho kama wanavyoiita kwao, wazee wake walikuwa wapeleke dote, yaani mahari, kwa Mama Émilienne.

Solange na mama yake walifika Baraka kwa miguu mwaka 2017, vita vilipowafukuza kwao Kilembwe. Doro, mtoto wa mwisho, alipotelea njiani. Siri ya mkono ule Solange alimwambia mtu mmoja tu duniani, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, akilia: “Bertin, nakuambia we peke yako. Mama asijue mpaka nipate nguvu ya kumuambia mi mwenyewe.”

Bertin naye alikuwa anatengeneza filamu ya shirika moja juu ya watoto waliopotea vitani. Msomaji wa maneno alikuwa hajapatikana. Katika kazi yao, ukikosa sauti unaweka ya muda ili upate mwendo wa picha, halafu unaitoa. Akaweka ya Solange. Wenye filamu waliposikia wakatoa machozi, wakasema isiguswe.

Albert alimuuliza:

— Huyu mwanamuke amekubali?

— Amekubali, chef.

Alijibu hivyo bila kupepesa macho. Moyoni alijituliza kwamba filamu ni ya wafadhili wa Ulaya, Baraka itafikaje? Ikafika. Na aliyeileta ukumbini ni shirika lenyewe, kwa furaha kabisa, bila kumwarifu.

Toka ukumbini Bertin alikwenda kwa Mama Émilienne, akawakuta uani, pembeni ya dagaa za ndakala zilizoanikwa. Kile kikwembe cha kijani kilikuwa chini. Mama alikuwa amejifunga shuka kuukuu, ameushika mkono wa binti yake. Bertin akasimama mlangoni mwa ua kama mgeni.

— Hii myaka yote, mutoto yangu, uliibeba peke yako?

— Niliogopa utanichukia, mama.

— Nikuchukie? Si mi ndo nilikuwa napiga kelele mbele kule? “Solange, bikwembe! Solange, usiangushe bassine!” Umesahau?

— Sikusahau.

— Basi ile kosa tuko nayo babili. Kuja hapa.

Wakalia, wakashikana. Bertin akaona mlango wa msamaha umefunguka hata kwake. Akasogea, akapiga magoti.

— Mama, pardon. Solange, pardon sana. Lakini umeona? Mama amekusamehe. Pengine ni Mungu alitaka...

— Usimuingize Mungu mu mambo ya kazi yako ya bureau, Solange akamkata. Mama amenisamehe mi. We nani amekusamehe?

— Nilizania filamu haitafika huku.

— Kwa hiyo nisingejua, ingekuwa muzuri?

Bertin akanyoosha mkono kumshika, Solange akausukuma.

— Siku ya kumuambia mama ilikuwa ya kwangu, Bertin. Nilikuwa naitafuta. Nilitaka tukae babili tu, kama sasa hivi. Umeitoa mbele ya batu bote.

— Najua.

— Haujui. Nikuulize kitu. Ile fasi mu filamu, pale vidole vya Doro vinaachana na vya dada yake, kimoja kimoja. Ni we ulichora?

— Ni mi.

— Iko muzuri. Ilikukamata siku ngapi?

Wanaume na kazi zao nao! Hata katika hali ile, Bertin alijisikia fundi kidogo.

— Wiki mbili. Vidole lazima vifuate sauti. Unasikia, unarudisha nyuma, unasikia tena, unasogeza kidogo...

Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe.

— Wiki mbili, Solange akasema polepole. Wiki mbili unanisikia nalia. Unarudisha nyuma, nalia tena. Na haukunipigia hata simu moja kuniuliza, “Solange, uko aje?”

Bertin akatoa simu, akampigia Albert.

— Chef, ile sauti lazima itoke. Mwenyewe hakukubali. Nilikudanganya.

— Bertin! Filamu si ya kwetu tena. Nitabaomba benye filamu baishushe mu internet, lakini iko mu matelefone ya batu tayari. Nani atazunguka kuifuta?

Simu ikakatika. Mama Émilienne akafuta macho kwa ncha ya shuka.

— Bertin, mwana, ubaambie bazee benu basijisumbue Siku ya Posho.

— Mama, nakuomba...

— Sikufukuzi. Nakuambia tu.

Solange akanyoosha kidole kwenye simu.

— Sauti zangu zote ziko umo?

— Zote.

— Zifute. Hapa, mbele yangu.

Akazifuta. Bonsoir za kila jioni, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa jikoni, ule ujumbe aliocheka tu mpaka mwisho bila kusema kitu, na ile ya Doro. Solange alisimama akatazama mpaka hakukubaki hata moja.

Bertin alirudi Nairobi bila mke. Jioni ya kwanza alimtumia Solange ujumbe wa sauti, akilia kweli, akiomba nafasi moja tu. Alama mbili zikageuka buluu. Jibu likaja kwa maandishi:

“Andika. Ya kwangu pia nitaandika.”

Na anaandika kweli, siku mojamoja, kwa heshima, kama unavyomwandikia jirani. “Mama anakusalimia.” “Tunamtafuta Doro bado.” Amani ya namna hiyo inauma kuliko ugomvi, na Bertin anajua ameitengeneza kwa mikono yake.

Shirika liliiondoa filamu, lakini yeye alibaki nayo kwenye kompyuta. Wenzake wakitoka kwenda kula, anafunga mlango, anaifungua. Hana mahali pengine pa kumsikia Solange. Anasikiliza mpaka pale vidole vinapoachana, kisha anarudisha nyuma, anasikiliza tena.