Kidonda cha Ngwali

Jumanne moja ya Machi 1937, saa moja na nusu asubuhi, Ngwali, mchuna ngozi wa Wawi, alikutwa kafa kitandani. Kabla ya saa nne mkewe, Mwanakhamis, alikuwa mahabusu Chake Chake. Mmanga, mchinjaji aliyempa Ngwali kazi, ndiye aliyemshitaki.

"Kamtilia sumu," alimwambia Sajini Turki wa polisi. "Juzi waligombana kwa habari ya mke wa pili. Jirani wote walisikia."

Jecha, fundi wa maabara ya hospitali, alikuwapo maiti ilipopasuliwa. Begani aliona kidonda cheusi katikati, kimezungukwa na uvimbe. Daktari akampa damu ya moyo na kipande cha bandama. Jecha akapaka kwenye vioo, akatia rangi, akainamia hadubini. Saa saba alikuwa na hakika yake: vijidudu virefu kama vijiti, vimeungana mnyororo.

Akaenda mahabusu.

"Bi Mwanakhamis, Ngwali alibeba nini siku hizi?"

"Ngozi mbichi ya ng'ombe wa Bwana Mmanga, begani. Ijumaa, akaipeleka bandani kwake."

Ngozi ile Jecha na sajini waliikuta bado bandani kwa Mmanga. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa damu. Jecha akaukwangua, akarudi kwenye hadubini. Vijiti vilevile.

Saa kumi Mmanga aliketi mbele ya sajini, mkono wa kushoto kauficha ndani ya kanzu.

"Ng'ombe yule ulimchinja?" Jecha aliuliza.

"Kwa mkono wangu, kwa bismillahi."

"Aliyechinjwa hai damu humwagika. Yake ilibaki mwilini, hata ngozi ikawa nyeusi. Alikufa mwenyewe, kwa kimeta, weye ukampitishia kisu baadaye. Ngwali alikufa kwa ugonjwa huohuo. Hebu toa mkono."

Mmanga alisita, kisha akautoa. Juu ya kifundo palikuwa na kipele kilichoanza kuwa cheusi.

"Ngwali alijua ni kibudu," alisema taratibu. "Alipokufa nikaona mkewe atasema, ndiyo nikamsingizia. Watu wakijua nimewalisha mzoga, sina pa kuishi Pemba hii."

"Utachomwa sindano sasa hivi," Jecha alisema. "Lakini kwanza tutajie waliokula, nyumba kwa nyumba, hata tuliomo humu."

Sajini Turki, aliyenunua ratili mbili za nyama ile, aliandika jina lake mwanzo wa orodha. Kisha akaenda mwenyewe kumfungulia Mwanakhamis, arudi Wawi kukaa eda ya mumewe.