Kome kwa Ajili ya Ini la Tokuya

Chizuru alirudi nyuma hatua moja ili mtaa mzima wa maduka uingie kwenye kamera yake, akamkanyaga kijana mguu na kumwaga sahani yake ya madonge ya pweza, ya moto ya kupuliza.

"Dada, umeniulia chakula cha mchana!"

"Samahani jamani! Nilikuwa naangalia mwanga."

"Na mimi nilikuwa naangalia pweza."

Kijana alivaa shati la kitani la buluu, masikio yamemtokeza, na hasira zake hazikudumu. Jina lake Tokuya, fundi wa lifti. Chizuru alimnunulia sahani nyingine, wakala pamoja, na haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi kila kona ya Osaka.

Chizuru alikuwa na kichaa chake kimoja. Marehemu baba yake aliacha albamu ya picha zake, zilizopigwa kwa filamu mwaka sabini na nane, na kwa miezi minane binti alihangaika kuifanya kamera ya kidijitali itoe rangi zile zile. Akavuta mizani ya rangi kuelekea njano hatua nne, akatia kijani kidogo, akafifisha vivuli, akaongeza chengachenga kama za filamu. Siku alipopatia, alilia. Picha ya kwanza aliyopiga kwa rangi hizo ilikuwa ya Tokuya, akamtumia mama yake kule Matsue, maana alitaka baraka zake.

Simu ikalia papo hapo.

"Mwanangu, huyo ini limekwisha."

"Mama!"

"Mama nini? Manjano mpaka kwenye macho! Mlevi huyo. Nakutumia kome."

Angesema tu kwamba ni kamera. Lakini miezi minane ya jasho iitwe ugonjwa wa ini? Kiburi kikamziba mdomo. Kome weusi wa ziwani wakaja, sanduku baada ya sanduku, kwani kwa watu wa Matsue hakuna ini linaloishinda supu ya kome. Tokuya akanyweshwa asubuhi na jioni.

"Mpenzi, leo tena?"

"Kunywa, ina madini."

Wiki ya tatu Tokuya akafungua sanduku mwenyewe, akakuta barua: "Mlevi huyo asipopata nafuu kufikia Agosti, achana naye."

"Kumbe mimi mlevi?" akaifinyanga barua. "Mimi ninayelewa kwa harufu tu! Na wewe ukanyamaza?"

"Niliona aibu."

"Kunionea mimi aibu?"

Akavaa viatu akaondoka. Siku tisa hakupokea simu, na Chizuru akaogopa kweli kweli. Siku ya kumi akamvizia nje ya jengo alikokuwa kazini, akampigia mama simu mbele ya Tokuya, spika wazi.

"Mama, Tokuya si mgonjwa. Njano ile niliitia mimi kwa kamera, nikitafuta rangi za picha za baba. Nilijivuna, nikakuacha umtukane. Nampenda, mama, na ananiacha."

Mama akaguna.

"We mtoto. Baba yako hakuwa wa njano hata siku moja. Picha ndizo zilizozeeka. Yeye mashavu yalikuwa mekundu, anacheka ovyo."

Chizuru alikaa pale pale kwenye ngazi, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaishika kamera azifute rangi zake. Tokuya akamzuia mkono.

"Usizifute. Ngoja nizeeke, nizifikie mwenyewe. Utakuwepo uone?"

"Atakuwepo!" simu ikapiga kelele. "Njooni Jumapili, nina masanduku mawili ya kome hapa!"

"Nitakuwepo," alisema Chizuru.