Injini Isiyokula Oili

Ausi alinituma oili saa kumi na mbili kasoro, nami nikaenda bila kununa, kwa kuwa kazi ile tulikuwa tukiifanya wawili. Mimi ni Mrisho bin Pazi. Nilifundisha ufundi wa mitambo kwa miaka thelathini na moja, na Ausi ni mwanangu wa pekee. Mwaka mzima alikuwa akiunda pikipiki yake mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo. Fremu aliichomelea kwa mabomba, tangi akalikunja kwa bati. Injini tuliinunua Chalinze kwa Ashrafu, muuza vyuma chakavu, aliyeitoa kwenye gari dogo lililopata ajali.

Ilikuwa injini ya rotari. Haina pistoni ya kupanda na kushuka. Ndani yake kuna pande la chuma lenye pembe tatu, nalo huzunguka tu, huzunguka, katika chumba kilichobanwa kiunoni. Injini ya namna hii huchoma oili kidogo kidogo ili pembe zile zisisagike. Ndivyo ilivyoundwa. Asiyejua hudhani ni ubovu.

"Mke mwenzangu anakula kuliko sisi," mke wangu Mwanvita alinitania, nikitoka na chupa tupu.

Niliporudi, adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na Ausi yuko msikitini. Mlangoni pa karakana alisimama mwanamke mtu mzima aliyejifunga kaniki. Kabla sijamfikia nilisikia harufu ya karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye sanda.

"Karibu, bibi. Unamtafuta nani?"

Alinong'ona. Ilinibidi niiname.

"Mwanangu alikuwa nayo hii."

"Injini?"

"Wakati huo ilikuwa kwenye gari. Nani ataipanda sasa?"

"Mwanangu."

"Basi nimwombee dua, asipatwe na baya." Akafunua viganja vyake. "Ausi bin Mwanvita..."

Hapo ndipo nilipokosea.

Nilisoma shule ya Mwingereza. Kila asubuhi mwalimu aliita majina kwenye rejista, na mtoto aliyeacha jina lake likosewe alichapwa. Tangu hapo sijaweza kulipitisha jina lisilo sahihi, hata la mbuzi wa jirani. Na Mwanvita hakumzaa Ausi. Alimpokea ana siku arobaini, mama yake amekwisha kuzikwa. Mtaa mzima umesahau, wote humjua kuwa mwana wa Mwanvita.

"Si Mwanvita," nikamwambia. "Mama yake mzazi ni Zuhura. Zuhura binti Yusuf."

Akavifumba viganja.

"Zuhura," akasema, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Ahsante, mzee. Wengi hunificha."

Hapa pwani hakuna asiyejua kwamba anayetaka kumfunga mtu huanza kwa kutafuta jina la mama. Mganga hulitaka, mchawi hulitaka. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Na bado nililitoa mwenyewe, nikaongeza na la babu yake.

Nilipoinua macho hakuwepo.

Ndani ya karakana injini ilikuwa ikivuma... mvumo mwembamba, kama nyuki waliofungiwa mtungini.

Tangi halikuwa na petroli.

Niliingia. Ikanyamaza.

Sikumwambia Ausi. Kesho yake aliipanda mpaka Mbegani na kurudi, akashuka anacheka.

"Mzee, imepona. Hebu pima oili."

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Kimejaa. Nikakifuta, nikachomeka tena, nikachomoa. Kimejaa vilevile, na oili yenyewe ilikuwa safi kama asali. Moshi wake ulinuka karafuu maiti.

"Sasa inakula nini?" nikamwuliza.

"Baba, wewe ikila unalalamika, isipokula unalalamika."

Siku ya nne Ausi alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa suruali. Siku ya saba alitoboa la tatu. Midomo ilimpauka. Hospitali walimpima, wakasema damu inapungua na hawaoni inakokwenda, wakampa vidonge. Siku ya tisa hakuweza kuketi. Nilichukua spana nikaanza kuing'oa injini. Boliti ya kwanza ilipolegea, Mwanvita alipiga kelele kutoka chumbani. Ausi alikuwa akitoka damu puani.

Nikaikaza. Damu ikakata.

Alfajiri nilipanda gari hadi Chalinze. Ashrafu aliponiona aliacha nyundo chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Injini ile ilikuwa ya nani?"

"Ya Muhammad, dereva wa hapo Ubena. Alifia ndani ya gari." Akatazama pembeni. "Mama yake, Bi Rukaya, alikuwa akija hapa kila siku kukaa kando yake. Alikuwa akisema mwanawe bado anazunguka humo ndani, hapumziki, mpaka apatikane wa kupokea zamu yake."

"Mama huyo nitampata wapi?"

"Tulimzika mwezi wa Rajabu. Jeneza nililibeba mwenyewe."

Mwezi wa Rajabu ulikuwa umepita kabla hatujainunua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeichukua, mzee?"

Njia nzima nilifikiri. Mwanvita sikumweleza lolote. Niliona haya kukiri kwamba mimi, hodari wa majina, ndiye niliyemtoa mtoto aliyemlea yeye.

Jua lilikuwa likizama nilipojifungia karakana. Injini ilikuwa ikivuma tena. Ubavuni mwa fremu Ausi alikuwa amegonga jina lake. Nililisugua kwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikachukua vyuma vya kugongea herufi, nikagonga polepole, herufi moja baada ya nyingine:

MRISHO BIN SAMIA.

"Nilikosea," nikasema kwa sauti. "Aliyeinunua ni mimi. Ausi si wako. Jina ni hilo hapo."

Mama yangu aliitwa Habiba binti Shuaibu. Samia simjui. Katika miaka themanini huo ndio uwongo wa kwanza wa jina nilioutamka, na ulinitoka kwa shida kama mwiba.

Mvumo ulishuka. Ukakohoa...

Ukakatika.

Asubuhi niliiwasha kwa muda, na oili kwenye kijiti ikapungua upana wa kidole. Ausi aliomba mihogo ya nazi, akamaliza sahani, akaomba nyingine. Mwanvita alilia akipakua.

Hayo yana wiki tatu. Ausi anatembea, ananenepa, anauliza lini nitamruhusu aipande. Mimi situlii. Kila baada ya sala naingia karakana, naiwasha, naizima, nachomoa kijiti, natazama. Inapungua. Inakula oili yake, ndivyo ilivyoundwa. Nafuta kijiti, natoka, narudi tena.

Jana nilichelewa msikitini. Nilimkuta Mwanvita uani akipepeta mchele.

"Ulikuwa na mgeni," akasema. "Bibi mmoja. Sauti imemkauka, mpaka umsogelee ndipo umsikie."

Nikashika mwimo wa mlango.

"Alitaka nini?"

"Anataka kukuombea dua. Amesikia umemuuguza mtoto." Akapuliza makapi. "Lakini anakuita Mrisho bin Samia. Nikacheka. Nikamwambia, hapo mume wangu angekusikia mngegombana."

"Mwanvita."

"Nimemsahihisha. Habiba, nikamwambia, Habiba binti Shuaibu. Si ndivyo unavyotaka, majina yasikosewe?"

Nilikwenda karakana, nikachomoa kijiti, nikakiweka kwenye mwanga wa mlango.

Kilikuwa kimejaa.