Jiwe la Stendi

Jua lilikuwa linazama Esekon alipoondoka Lodwar kwa pikipiki, dawa ya sumu ya nyoka kifuani. Mkewe Apua, aliyeumwa na nyoka, alikuwa hoi katika zahanati ya Kakuma. "Kimbia, ndugu. Anatapika damu," Mabil, jirani yao, alikuwa amemwambia kwenye simu.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara. Akaingia porini. Mtandao ulipotea, lakini ramani alishaipakua, na kidoti cha bluu kiliendelea kumwonyesha alipo.

Mnyororo ukachomoka. Mchanga ulikuwa laini, stendi ya pikipiki ikazama. Akanyakua jiwe bapa kwenye rundo la karibu, akaliweka chini ya stendi, kama wafanyavyo waendesha boda wote. Akatengeneza, akaondoka. Jiwe akaliacha hapo.

Rundo kama lile ni kaburi. Mpita njia huongeza jiwe, hapunguzi. Esekon alilijua hilo tangu utotoni, lakini haraka ilimpumbaza.

"Pinda kushoto," simu ikasema.

"Pinda kushoto."

"Umefika."

Taa ikamulika rundo lile lile. Palipotoka jiwe palikuwa na tundu... na harufu ya damu mbichi.

Jiwe la kwanza lilimpasua shavu. La pili likamponda vidole. Akaanguka kifudifudi, akaikumbatia dawa. Kitu kikamkalia mgongoni, kikamtwanga kichwa mchangani.

"Rudisha mlango wangu," kikanong'ona.

Akatambaa akipapasa, akalipata lile jiwe. Mkono ukatoka tunduni, ukamdaka kifundo cha mguu, ukamvuta.

Ko! Mfupa ukalia.

Akaushindilia mkono ule kwa jiwe. Akaponda, akaponda, huku akilia kama mtoto, mpaka tundu likazibika.

Kimya...

Alifika Kakuma amelowa damu, dawa nzima. Apua akapona. Esekon alifurahi hadi akasahau maumivu.

Siku ya tatu Esekon alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Apua, ameshika mkono wake, akimsimulia yote mama mkwe, Atabo, aliyekuwa akimkanda majeraha.

"Ulirudisha jiwe?"

"Nilirudisha, mama. Nikaziba kabisa."

"Wewe ukiwa nje ama ndani?"

Esekon akacheka kidogo, akafungua ramani amwonyeshe alikopita. Kidoti cha bluu hakikuwa Kakuma. Kilikuwa porini, kwenye rundo, kikiwaka na kuzima.

Akazima simu, akaiwasha tena. Hakikusogea.

Akainua macho. Apua alikuwa anamtazama. Taratibu, akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa mumewe.