Uzee wa Siku Mbili

"Ni nani aliyelishika?"

Taizoon aliuliza akiwa mlangoni mwa chumba cha wageni, viatu bado miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mamake. Mkewe, Munazza, alikuwa amepiga magoti akitandika busati. Juu ya meza iliyowekwa chini ya picha ya marehemu babu, dele la shaba la kahawa liling'aa kama limetoka kwa fundi jana.

"Ni mimi," Munazza akajibu. "Nimelisugua asubuhi, kwa ukwaju na jivu."

"Lote?"

"Lote. Wageni wa hitima waja, na dele la babu ndilo watakaloliangalia. Niliona haya kuliweka vile lilivyokuwa jeusi."

Sasa wewe na mimi, tulio na akili zetu timamu, shaba ikichafuka twaisugua. Mama zetu walitufundisha hivyo. Lakini Taizoon alikuwa mkusanyaji wa madele, na wakusanyaji wana akili yao. Ule weusi unaoganda juu ya shaba kwa miaka na miaka wao huuita uzee, na ndio wanaoununua. Ukiuondoa, kwao umebaki na sufuria.

Taizoon alilishika dele kwa mikono miwili, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Munazza, babu yangu umemzika mara ya pili."

Nyuma yake alikuwa amesimama Rizwan, rafiki yake tangu wakiwa madrasa, mwenye duka la vitu vya kale hapo hapo mtaani Ndia Kuu. Ndiye aliyemuuzia dele lile. Munazza alimtazama Rizwan, na Rizwan akageuza uso akawa anaiangalia saa ya ukutani.

"Nisamehe," Munazza akasema.

"Nenda kwenu Kuze. Ukae huko mpaka nikuite."

Aliyasema hayo mbele ya rafiki yake, dirisha likiwa wazi, na kwa jinsi nyumba za mtaa ule zilivyobanana hakuna jirani aliyekosa kusikia. Munazza alimaliza kutandika busati. Akaingia chumbani kwa mavyaa yake, Mama Khairunnisa, mamake Taizoon, akakaa humo kidogo mlango ukiwa umefungwa, kisha akashuka ngazi na begi lake.

Tumtendee haki Taizoon kabla hatujamhukumu. Babu yake hakumjua ila kwa ile picha: mzee amekaa kibarazani mwa duka, mkononi ana dele lenye kovu shingoni na kiraka cha lehemu kwenye mdomo. Baba alimwambia kwamba dele lile liliuzwa mwaka wa shida. Baba alipofariki, Taizoon akaanza kulitafuta. Na anayetafuta kitu kimoja kwa moyo ule hununua na vingine njiani. Akiona dele ambalo silo, alilichukua hivyo hivyo asije akajuta, mpaka ukuta mzima ukajaa.

Tena alikuwa na namna yake ya kununua. Kile alichokipenda hakukiangalia. Aliingia dukani akauliza habari za kufuli bovu, akageuza sahani, akaaga, akafika kona, akarudi. Yeye alidhani amejificha, na mwenye duka alikuwa ameshamjua tangu mlangoni. Rizwan alikuwa na neno moja la kummaliza: kuna Mtaliano amelipenda, atalirudia Jumatatu. Hapo Taizoon hakubisha bei tena. Alilibeba dele ndani ya mfuko chini ya mkate ili Munazza asilione, akaliweka rafuni, akalitazama siku mbili tatu. Baada ya hapo jicho lake lilikuwa kwenye pengo la pembeni.

Habari ya kovu na kiraka alimsimulia kila mfanyabiashara aliyekubali kusikiliza. Basi siku Rizwan alipompigia simu kwamba limepatikana, na kovu lipo na kiraka kipo, Taizoon alikimbilia huko, akaketi sakafuni mwa duka la watu akalia. Munazza alikuwa naye. Hakuwahi kumwona mumewe akilia, hata siku ya maziko ya babake.

Ndiyo maana Munazza alinyamaza. Asubuhi ile alipolipaka ukwaju, weusi wa dele haukung'ang'ania kama uzee wa kweli. Ulichuruzika kwenye beseni ukinuka dawa ya viatu. Chini yake shaba ilikuwa mpya kabisa, imejaa michirizi ya mashine ya grinda. Dele la babu lilikuwa limetengenezwa juzi. Alikaa mbele ya beseni lile akifikiri amwambie mumewe au asimwambie, akakumbuka kilio cha dukani, akamwaga maji. Heri aonekane mwanamke asiyejua thamani ya vitu kuliko Taizoon kulipoteza dele la babu yake tena.

Kule Kuze babake, Mzee Abdeali, muuza nyuzi na vifungo, alimuuliza amefanya nini hata arudishwe. Munazza akajibu kwamba amesugua chombo. Mzee akangoja sehemu ya pili ya habari, na haikuja. Akasema basi mkwe wake ni mgonjwa, na binti yake harudi mpaka mgonjwa aje mwenyewe kwa miguu yake.

Jioni Munazza alimwandikia mumewe: "Dawa ya presha ya Mama iko kwenye kopo la majani ya chai. Usisahau kumpa."

Taizoon aliusoma ujumbe, akaenda kulitafuta lile kopo.

Hitima ikapita. Wageni walilisifu dele jinsi linavyong'aa, na kila sifa ilimchoma Taizoon. Na kwa kuwa mkusanyaji huzuni yake huipeleka dukani, siku iliyofuata alikuwa kwa Rizwan akigeuzageuza kufuli ambalo hakulitaka.

"Usijiue bure," Rizwan akamwambia. "Lilete dele lako. Nitalirudishia uzee wake."

"Uzee warudishwa?"

"Kwangu warudi. Nipe siku mbili. Likitoka hapa hata wewe hutajua."

Taizoon akaliweka kufuli chini polepole.

"Hata mimi?"

Rizwan akaliokota lile kufuli akalirudisha rafuni. Kisha akaanza habari za Mtaliano.

Taizoon hakumsikiliza. Alirudi nyumbani, akalichukua dele, akalisogeza dirishani, na kwa mara ya kwanza akaliangalia bila mapenzi. Duka lake la Makadara ni la vifaa vya ujenzi. Mawe ya grinda huyauza kila siku, na alama zake anazijua hata kwa kupapasa. Zilikuwepo, zimezunguka kitako chote. Akainua macho kwenye picha ya babu, ambayo hata waya wa umeme haukuonekana ndani yake, sembuse grinda.

Akaenda na dele chumbani kwa mamake.

"Mama, hili ni la babu?"

Mama Khairunnisa alikuwa kitandani na tasbihi yake. Hakulitazama dele, alimtazama mwanawe.

"Silo, mwanangu."

"Wajua tangu lini?"

"Tangu siku ulipolileta. Ulipokwenda kazini nililitia maji, halikuvuja." Mama akaiweka tasbihi chini. "La babu yako lilikuwa likivuja. Kile kiraka hakikushika. Babako hakuliuza kwa shida, alimpa fundi akaliyeyusha. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Nami miaka yote hii nalitafuta."

"Babako alipokufa hukuwa ukila, hukuwa ukisema na mtu. Ulipoanza kutafuta dele ukaanza na kula. Ningekwambia nini?"

Taizoon akakaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza alilokuwa akiliogopa.

"Na Munazza?"

"Munazza alilijua asubuhi ile alipolisugua. Aliingia humu na begi lake akanieleza weusi ulivyotoka ukinuka dawa ya viatu, akaniambia, Mama, usimwambie, mwache nalo. Nami nikamwacha ashuke ngazi." Machozi yakamtoka mama. "Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kukuhurumia. Mara ya pili nimemdhulumu mtoto wa watu."

Taizoon akampigia Rizwan simu papo hapo, mbele ya mamake.

"Ulilitengenezesha wapi?"

"Mimi sikulibuni, Taizoon. Wewe ndiye uliyenieleza kovu liko wapi na kiraka kiko wapi. Ulilitaka sana. Nikakupa."

"Na mke wangu alipofukuzwa ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Nilikuwepo."

"La dele huenda siku moja nikakusamehe. Hilo siwezi."

Alipokata simu hakuondoka hapo hapo. Aliandika kwanza kwenye kundi la ukoo, ambako picha za hitima zilikuwa bado zikipongezwa: "Assalaam alaykum. Dele mlilolisifu kuwa la babu ni la bandia. Munazza alilijua kabla yangu akanisitiri, nami nikamfukuza mbele za watu. Kosa ni langu. Naomba nisipigiwe simu, naenda kumtaka radhi."

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo. Taizoon alipokuwa akimpenda Munazza kabla ya ndoa, alitumia ujanja wake ule ule wa dukani. Aliingia kwa Mzee Abdeali akauliza uzi, asimwangalie kabisa binti aliyekaa nyuma akipanga vifungo, akaaga, akafika kona, akarudi kununua uzi mwingine. Alinunua nyuzi mpaka mzee akadhani kijana huyu ana kiwanda cha kushona. Siku hii alipoingia, mzee aliitikia salamu bila kuinua kichwa.

"Wataka uzi gani leo?"

"Sitaki uzi, Baba. Nimemfuata Munazza. Nimemkosea."

Mzee Abdeali alimpima kwa macho, kisha akaita juu. Munazza akashuka amevaa rida yake, vazi la stara la rangi ya majani, simu mkononi, na ilikuwa wazi kwamba ujumbe wa ukoo ameshausoma. Hakumkaribia. Alisimama upande wa pili wa kaunta.

"Ushaambiwa," akasema.

"Nimeambiwa. Nisamehe, Munazza. Kwa nini hukusema? Neno moja tu lingekutoa lawamani."

"Nilikuona ulivyolia dukani. Sikuweza kuwa mimi wa kukunyang'anya."

"Nami nikakutoa nyumbani kwa ajili ya dawa ya viatu."

Munazza hakucheka. Alikuwa akiviringisha uzi kidoleni na kuufungua.

"Nikwambie la kweli? Kufukuzwa nitasahau. Lililoniuma ni la zamani. Wewe kitu ukikitafuta hulali. Ukikipata, siku ya tatu hukioni. Ulinunua nyuzi mwaka mzima kwa ajili yangu, Taizoon. Kisha ukanipeleka nyumbani ukanipanga rafuni. Nyumba ina ukuta mzima wa madele, na wageni nawapa kahawa ya themosi."

Taizoon alitaka kusema kwamba anampenda, akaona neno hilo amelitumia sana kwa vitu vya shaba. Akatia mkono kwenye mfuko aliokuja nao, akalitoa dele, akaliweka juu ya kaunta katikati yao.

"Umelileta la nini?" Munazza akauliza.

"Nataka kupika kahawa. Hapa, mbele ya Baba. Sijui inavyopikwa, nifunze."

"Kwa hili la bandia?"

"Ndilo tulilo nalo. La babu, Mama asema, lilikuwa likivuja. Yale ya ukutani sijui kama nitaweza kuyaacha yote, sitakudanganya. Lakini hayatakaa makavu tena."

Mzee Abdeali akaziondoa nyuzi zake kwenye kaunta, moja moja. Munazza alimtazama babake, akamtazama mumewe aliyesimama na mikono mitupu, akalichukua dele akaenda nalo kwenye bomba la nyuma. Alirudi limejaa. Akaliweka pale pale, akatia kiganja chini ya mdomo wa dele, kwenye kile kiraka. Wote watatu wakangoja.

Aliutoa mkono akaugeuza. Ulikuwa mkavu.

"Halivuji," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomshuka. Taizoon akazunguka kaunta, akaushika mkono ule, na hakuuachia hata mzee alipokohoa.

"Tangawizi iko kabatini," Munazza akamwambia, akijifuta kwa ncha ya rida. "Na umpigie Mama. Mwambie asinywe ya themosi, twaja."