Kufuli la Komba

Umeme ulikatika asubuhi, na kufika adhuhuri hata taa za njia panda zilikuwa zimekufa. Magari yalikabana koo pale katikati, kila dereva akijiona yeye ndiye mwenye barabara. Honi, matusi, vumbi.

Pembeni alisimama binti mmoja, koti la kazi la bluu, kitambaa cha manjano kichwani, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Miguuni pake kulikuwa na makasha manne ya mayai yaliyofunikwa blanketi. Kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga kwa mashine ya shangazi yake, ndiyo maana mtaani walimwita Mama Vifaranga ingawa mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Mayai yale yalikuwa yaanguliwe kesho yake. Yakipoa, basi tena. Na Shangazi alishasema: "Safari hii mzigo wote ni wako. Ukifa, mashine nampa mwingine." Jenereta lao lilikuwa bovu, kwa hiyo alikuwa akiyapeleka kwa rafiki yake upande wa pili wa mji, mwenye jenereta zima.

Makondakta walimkataa mmoja baada ya mwingine. "Dada, hayo yakipasuka humu, gari litanuka mpaka mwakani."

Ndipo pikapu moja kuukuu ikapanda ukingo wa barabara. Akashuka kijana mrefu, ovaroli ya rangi ya chungwa, mkanda wa kupandia nguzo bado uko kiunoni. Fundi wa umeme huyo. Wenzake walimwita Komba kwa jinsi alivyoparamia nguzo. Alikuwa mchumba wake, lakini kwa maneno tu: mara mbili aliahidi kwenda kwao na wajomba zake, na mara zote mbili ikatokea laini imeanguka mahali.

"Mpenzi, simu zako nimeziona sasa hivi. Nilikuwa juu. Tukipanda, simu hubaki garini, unajua."

"Mimi si mpenzi wa mtu. Shika kasha hilo, ulishike kama kichwa cha mtoto mchanga."

Wakayapanga, mawili mapajani kwa binti, mawili katikati yao. Gari halijatembea hata hatua kumi, simu ya Komba ikalia. Msimamizi.

"Pokea uone," binti akasema. "Ukipokea tu, nashuka na mayai yangu."

"Mama, hii ni kazi."

"Na mimi ni nini? Mapumziko?"

Simu ikalia mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Komba akaizima sauti.

"Basi nikutegee kitendawili, upoe."

"Nitatega mimi. Ana miguu, ana gari, ana wajomba wawili, lakini njia ya kwetu haijui."

"Hicho kina jina langu."

"Una bahati umekitegua. Ungeshindwa ningekudai mji, na mji wenyewe hauna umeme."

Komba alicheka peke yake, akaacha.

Kuna mgeni asiyepiga hodi, na akiondoka huacha vyombo vimevunjika. Ndiye hasira, na siku hiyo alikaa katikati ya wale wawili pamoja na makasha. Kwenye makutano yaliyofuata lori la mchanga lilijitupa mbele yao. Komba akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Binti akayalalia mayai kwa kifua. Pua ya pikapu ilisimama inchi chache tu kutoka kwenye tairi la lori.

"Umekodiwa kuniua?"

"Taa hazipo, mama, unataka nifanye nini?"

"Taa hazipo kwa sababu ninyi mmezizima!"

Chini ya blanketi ilisikika sauti nyembamba, pii, pii. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya maganda. Binti akauma mdomo.

Simu yake yeye ikaita. Mikono haikuwa na nafasi, Komba akamshikia sikioni. Sauti ya Shangazi ilijaa gari zima.

"Mwanangu, laini wameshaitengeneza zamani. Umeme hawawashi. Kuna fundi mmoja mjinga kaweka kufuli lake kwenye swichi, katoweka na ufunguo. Wanasema kufuli la mtu halivunjwi, maana huenda bado yuko juu. Sasa wanapita nguzo hadi nguzo wakiangalia kama amenasa."

"Mjinga gani huyo?" binti akafoka. "Mtu na akili zake anaondokaje na ufunguo wa mtaa mzima? Zahanati iko gizani, watu wana wagonjwa. Ningempata ningemlisha huo ufunguo."

Shangazi akakata simu. Mkono wa Komba ulikuwa umeingia mfuko wa kifuani na haukutoka.

"Komba."

"Naam."

"Mbona unapunguza mwendo?"

Akautoa ufunguo, mdogo, wenye kamba nyekundu.

Binti aliutazama, kisha akatazama barabara.

"Zile simu zote," alisema.

"Ndiyo."

"Ungesema."

"Ulisema utashuka. Sasa tumekaribia, nikushushe kwenye jenereta kwanza. Mimi nitarudi nikafukuzwe kazi kwa raha zangu."

Binti alipapasa kasha la juu. Lilikuwa vuguvugu, si moto tena. Nyuma yao foleni ilikuwa ile ile.

"Wenzako wanakutafuta kama maiti. Geuza gari."

"Mayai yako je?"

"Nimesema geuza. Na usiniangalie."

Akavua koti akalitandika juu ya blanketi, akajiinamia juu yake njia nzima.

Kwenye swichi watu walikuwa wamejaa, wamenuna. Msimamizi, mzee mfupi, sauti ilikuwa imemkauka.

"Nimempigia mama yako," alisema. "Nimemwambia hatukuoni. Unajua alijibu nini? Hakujibu. Nilisikia simu ikianguka."

Komba akafungua kufuli, msimamizi akawasha swichi. Mtaa ukanguruma, mashine za kusaga, redio, mafeni.

"Vua mkanda huo. Mwezi mzima hutapanda hata ngazi."

Binti akapenya mbele, nywele zimemtoka kwenye kitambaa. "Mimi ndiye nilimkataza kupokea simu."

"Na wewe ni nani yake?"

Binti akamgeukia Komba, mikono kiunoni. "Mwambie. Hata mimi nina hamu ya kusikia."

"Mke wangu," Komba akasema. "Yaani, sijamuoa. Kosa langu hilo pia."

Mtu mmoja alicheka. Binti hakucheka.

"Mpigie mama yako kwanza, akusikie. Halafu beba makasha."

Alipiga, akasema "Mama, ni mimi," akashindwa kuendelea. Kisha akayabeba makasha yote manne, mawili mawili, hadi kwa Shangazi, ambaye aliinamisha sikio kwenye kila kasha kabla ya kulitia mashineni.

"Wengine kimya," Shangazi akasema. "Walio wengi wanalia. Mashine ni yako, mwanangu."

Komba alisimama mlangoni. "Umenisamehe?"

"Nani kakwambia? Jumamosi uje na wajomba, kazi ya kusingizia huna tena. Hasira nilizonazo zinanitosha hadi uzeeni, na sina mpango wa kumpelekea mtu mwingine."