Mtandao wa Ndani ya Jiwe

Kabla intaneti haijakatika, sebule ilinuka jiwe lililoungua.

Sabina aliijua harufu hiyo, kama anavyoijua kila aliyejenga kwenye vilima vya Mkuyuni: unawasha kuni na matairi juu ya jiwe mpaka liive, unalimwagia maji, linapasuka. Ndivyo sebule yake ilivyopatikana. Ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe, nusu iliyobaki, limepakwa rangi ya maziwa. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mwaka juzi. Sasa hapakuwa na moto wowote.

"Mama, nyumba yenyewe iko..." Evelina alisema kwenye simu, na taa ya ruta ikawa nyekundu.

Evelina, binti yake wa pekee, alikuwa mfanyakazi wa ndani Uarabuni. Waajiri walimnyang'anya simu na pasipoti, wakamfungia. Ijumaa mchana tu, nyumba ikibaki tupu, aliiba dakika chache kwenye tableti ya mtoto wao. Ubalozi ulikuwa tayari kumfuata, mradi ijulikane yuko wapi. Na kila alipofika kwenye jina la mtaa, intaneti ilikatika. Sauti ilitangulia kupotea; picha ilichelewa kidogo, na katika kuchelewa huko Sabina alimwona mwanawe akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeendelea kusikiliza.

Alipokwenda kungojea kwa jirani, simu haikuita kabisa.

Fundi Okech alikuja kutoka Igoma, mtu wa Rorya, mcheshi. "Mama Evelina, hii si nyumba, ni pango lenye pazia," alisema, akiisogeza ruta mbali na jiwe na mbali na friji. Alieleza kwamba mitandao ya majirani huingiliana kama watu wanaosema kwa mpigo katika chumba kimoja. Dawa ni kuhamia chaneli, yaani njia ya mawimbi, isiyo na mtu. Akafungua simu yake amtafute anayeingilia. Palikuwa na mtandao mmoja usio na jina, wenye nguvu kuliko ruta iliyokuwa mbele yake. Alipotoka nje ulififia. Alipolisogelea jiwe ulijaa.

"Nyuma ya hapa anaishi nani?"

"Hakuna mtu. Ni jiwe mpaka juu mlimani."

Okech alihama chaneli, na ule nao ukahama. Akahama tena, ukamfuata, akahama tena huku utani umemwisha mdomoni, maana kila alipobonyeza, ndani ya jiwe kitu kiligonga ko, ko, ko, kama nyundo ya mtu asiye na haraka, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka machozi yakawatoka. Akakusanya vifaa vyake. Mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nafukuza mawimbi tu. Mtafute aliyelipasua."

Aliyelipasua alikuwa mzee Shigela. Desturi yake ilikuwa kugonga jiwe jioni, kumwomba aliyemo ahame, kisha kuliacha lilale. Moto huwashwa asubuhi. Kwa jiwe hili hakugonga. Sabina ndiye aliyemharakisha, akitaka sebule iishe kabla Evelina hajasafiri, ili picha ya kuagana ipigwe humo. Mzee hakumkumbusha hilo. Sabina alimuuliza huyo wa ndani anataka nini.

"Sijui, mwanangu. Mimi huwa nawaomba wahame. Aliyechomewa nyumba sijawahi kuongea naye. Pengine naye alikuwa na mtoto."

Ijumaa iliyofuata Shigela alimwaga maziwa chini ya ukuta, akaligonga jiwe, akaomba radhi kwa Kisukuma, na Sabina, rozari mkononi, akaomba naye kwa maneno yake mwenyewe, akimsihi asiyemwona kama mama anavyomsihi mama mwenzake, mpaka jiwe likalia kwa ndani, rangi ikapasuka kutoka juu hadi sakafuni, na joto likapita katikati yao, likasogeza pazia la mlangoni kama mtu anayetoka bila kuaga.

Sebule ikapoa. Taa ya ruta ikawa kijani.

"Ametoka," alisema Shigela.

"Amekwenda wapi?"

Mzee alikuwa bado akilitazama pazia. Simu ikaita.

Evelina alionekana vizuri, mpaka kovu dogo la kidevuni. Sabina hakungoja salamu. "Mwanangu, taja mtaa. Haraka."

Evelina akarudi nyuma kidogo.

"Mama aliniambia Ijumaa iliyopita kwamba leo atapokea mwingine, mwenye sura yake," alisema polepole. "Akasema utaniuliza mtaa. Mama hawezi kuuliza. Nilishamwambia. Kila Ijumaa tunaongea mpaka mwisho."

"Evelina, ni mimi. Huku inakatika, mwanangu, huwa inakatika—"

"Amesema leo anakuja kunichukua mwenyewe."

Kule kwa Evelina, mlango uligongwa. Ko, ko, ko. Uso wa binti ukalegea kwa furaha, na Sabina alipiga kelele mpaka mzee akaziba masikio, lakini mkono wa Evelina ulikuwa tayari umefika kwenye kioo cha tableti.

Taa ya ruta iliendelea kuwaka kijani. Safari hii intaneti haikukatika. Evelina ndiye aliyekata.